Theluji ya Shangazi

Nyie, leo nimeshindwa kumwangalia shangazi yangu machoni.

Miaka ya tisini nilienda Kilimanjaro kubeba mizigo ya wageni. Kabla sijaondoka kijijini kwetu Usevya, shangazi akanipa chupa: "Uniletee theluji na mimi niione."

Nikaenda mwezi wa nne, kwa ubishi wangu. Masika! Huku chini tope mpaka magotini, kule juu theluji mpya imefunika njia yote. Kiongozi wetu akatugeuza. Theluji yenyewe niliiona kwa mbali tu.

Sasa nyumbani ningeingiaje mikono mitupu?

Niliposhuka treni nikajaza chupa bombani, stesheni ya Mpanda. "Imeyeyuka njiani, shangazi." Majirani wakaja kuichungulia.

Leo nimeenda kumsalimia. Akaitoa ile chupa sandukuni, kaiviringisha kwenye kitenge. Hajaifungua hata siku moja!

"Redio inasema theluji ya kule inaisha," akaniambia. "Mimi nimekaa nayo vya kutosha. Irudishe, baba."

Nikaipokea kwa mikono miwili. Nikasema nitairudisha.

Sasa hivi niko stesheni Mpanda, nimesimama palepale penye bomba.

Niambieni nyie: niimwage hapa, au nirudi Usevya nikaseme ukweli?