Sarafu ya Mtoboaji

Yaani mtoboaji mkuu wa kiwanda cha boti za faiba pale Cape Town hana salamu, ana sarafu tu. Kila tundu likitobolewa analigonga pembeni kwa randi tano, sikio kalilaza kwenye faiba, macho kayafumba: ti, ti, ti. Zoleka, mwanagenzi wake, anamwogopa hadi vinyweleo vinamsimama, na leo ndio kabisa, maana tundu la mwisho aliisukuma drili kwa pupa, na likibainika kazi hana. Juu limetoka safi kama pete. Mzee akagonga. Ti, ti... tu. Kama kuna mtu ndani anaitikia.

"Binti, hapa ulisukuma. Drili ikimbie, mkono utulie. Matabaka yameachana huko nyuma."

"Anko, mbona hata hukuwepo!"

"Limesema lenyewe. Lete gundi tuzibe, mkaguzi hajafika."

Zoleka akapumua, akacheka. "Na mimi ukinigonga nitasema?"

Mzee hakucheka. Akafungua vifungo, akajigonga kifuani, kifua kilichokula vumbi la faiba miaka thelathini. Ti, ti... tu.

"Hapa ndio hapazibiki," akasema.

Zoleka akapandisha barakoa iliyokuwa inaning'inia shingoni, akaibana mpaka pua ikauma.