Enoch Sugden na Do Isiyotulia

Enoch Sugden alitia sufu rangi kiwandani miaka thelathini na minane, mikono yake ikawa ya buluu hata siku ya Pasaka. Jioni alikuwa besi, sauti nzito ya chini, katika kwaya ya mji. Huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, mtu akiulizwa habari zake, haulizwi ana nini. Huulizwa anaimba sauti ya ngapi.

Sasa Enoch, kama wengi waliofunzwa kanisani, alijua solfa tu, ile ya do, re, mi. Nota za mistari mitano kwake zilikuwa kunguru waliotua kwenye waya. Mwaka ule ikaja kazi mpya ya kwaya, kinanda na okestra, imetungwa na kijana wa London, imechapwa kwa mistari mitano tu, bila solfa. Mwalimu wao, Bwana Thwaite, akatangaza mtihani: kila mmoja ataimba peke yake ukurasa wa thelathini. Atakayeshindwa atoe kiti. Na kiti cha Enoch alikikalia babake kabla yake.

Mkewe Hannah alijua mistari. Wiki sita waliketi mezani, yeye akitaja, Enoch akiandika solfa kwa penseli.

“Do imehama tena,” akasema Hannah, maana wimbo ulikuwa umebadili ufunguo.

“Si imehama sasa hivi! Kijana huyu hana kwao?”

“Andika, mzee, utumbo sahanini unapoa. Hapa ni fa.”

Enoch akaiimba ile fa kwa sauti ya chini, akakunja uso. “Wenzetu wa sauti za juu wana do na sol. Fa hapa ni ugomvi. Ni mi.”

“Imechapwa fa.”

“Basi imechapwa vibaya.” Akaandika mi.

Siku ya mtihani akasimama mbele ya wenzake. Akaimba vizuri, hadi pale penye mi yake.

“Acha!” Thwaite akagonga meza. “Umekosea, Sugden. Ni fa.”

“Samahani, mwalimu. Kinanda kiulizwe.”

Watu wakacheka. Mpiga kinanda akapiga fa pamoja na sauti za juu. Ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Akapiga mi. Sauti zikakaa pamoja, tamu.

Thwaite akaitazama nakala yake, kisha ile ya Enoch iliyojaa penseli. “Kaa kitini pako,” akasema. “Na hiyo nitaiazima Jumapili.”

Tangu siku hiyo besi wote wakawa wanachungulia begani kwa Enoch.

“Ondoa mkono wako wa buluu, Sugden,” akanong'ona jirani yake Clegg. “Do iko wapi?”

“Imetoka kidogo,” Enoch akamjibu. “Nifuate mimi.”