Vaze ya Shangazi Mgongoni Mwangu

Kosa lilikuwa langu mwenyewe, simtupii mtu: nilisema "aksanti" mahali nilipopaswa kusema "hapana, maman, hii ni vaze." Mtu wa kukaa nyumbani kama mimi (soko lenyewe naliona safari) hana mazoea ya kujibu watu haraka.

Shangazi Veronika alifanya kazi miaka mingi kwa madame mmoja mzee, na huyo madame akamwachia vaze, chombo cha maua cha kale cha kauri kutoka China. Alipohamia kwetu Bukavu kwa sababu ya macho kupofuka, vaze ilibaki kwake Nyangezi, naye akawa halali vizuri wala hali. Nikatumwa mimi. "Ikipasuka, usirudie hapa," aliniambia. Basi nikaifunga blanketi, nikaivisha kofia ya sufu ya mtoto ili vumbi lisiingie mdomoni, nikaibeba mgongoni kwa kitenge, maana mgongo huu umebeba watoto wanne na haujaangusha hata mmoja.

Ndani ya teksi ya kurudi, akageuka kutoka kiti cha mbele Maman Chantal, jirani yetu wa avenyu. "Ah, Maman Furaha, ulizala? Na sisi hatukujua." (Na unene wangu huu, angejuaje?) Nilitaka kukataa, lakini papo hapo akamwambia dereva, "Shofere, polepole, kuko mutoto," na yule dereva aliyekuwa anaruka mashimo kama mbuzi akaanza kuyazunguka moja moja, nami nikaona kumbe uongo huu ni godoro. Nikasema aksanti. Akampapasa "mtoto" mgongoni, ikalia tii. "Kifua yake inalia, maman. Umupeleke kwa munganga." Nikasema nitampeleka.

Kumbe alikuwa ameshapiga simu. Tulipofika, wanawake wa avenyu nzima walikuwa mlangoni kwangu na vigelegele, sabuni na uji, na katikati yao mume wangu, ameshika kuku aliyepewa, ananitazama kama mtu anayehesabu miezi.

Wakaimba. Wakataka kumwona. Mikono kama kumi ikanyooka kumpokea, nami nikawaza sakafu ya saruji na maneno ya shangazi, nikakaa chini palepale na kufungua kitenge polepole. Maman Chantal akavua kofia.

Hakuna aliyecheka. Ilikuwa buluu ya ziwa kabla jua halijatoka, na juu ya buluu hiyo matawi ya mti wa matunda, prune, yamechanua meupe, bila jani hata moja, mpaka watu wakashusha sauti kama wako misani. Mtu akamleta shangazi kwa mkono. Akakaa karibu yangu, akaweka kidole. Rangi imelala chini ya utando laini kama kioo, huwezi kuihisi, lakini kidole chake kilifuata kila tawi mpaka nchani, halafu ua kwa ua, bila kukosa, macho yamefumbwa. "Iko nzima," akasema, na akaomba uji.

Tangu siku ile nimeapa: nikibeba kitu mgongoni nitakitaja jina kabla mtu hajanipongeza. Lakini siku yenyewe, pale pale, nilitaka kuomba msamaha, nirudishe sabuni na kuku, ila Maman Chantal alinitangulia. Aliiangalia vaze, akawaangalia wanangu wanne waliojipanga ukutani, akaiangalia vaze tena.

"Maman Furaha, sitakudanganya," akasema. "Mu batoto yako yote, huyu ndio muzuri."