Sindano Iliyoinamia Ngerengere

Sisi tuliozaliwa Morogoro kabla ya gari la moshi tunajuana kwa nyayo: pana, ngumu, zimepasuka visigino. Kila kitu tulikifuata kwa miguu, ndizi Bigwa, kuni mlimani, maji mtoni. Najua mtamcheka mtu wa miaka kumi na saba akijifanya mzee. Lakini wadogo zangu siku hizi wakisikia mluzi wa gari la moshi hawageuzi hata shingo, na wakitumwa Bigwa wanauliza kwa nini Wadachi hawakupitisha reli huko.

Nakumbuka zaidi Ijumaa zetu. Bibi alitufulia kanzu kwa maji ya majivu, tukala magimbi ya kuchoma mpaka midomo ikawa myeusi, kisha tukamfuata babu msikitini. Babu yangu, Mzee Salum, ndiye aliyeonyesha kibla msikiti ule ulipojengwa, mji ukiwa bado vibanda. Alikuwa na dira ndogo ya shaba aliyoinunua pwani. Huku kwetu kibla na kaskazini vinakaribiana sana, basi akaifuata sindano, akanyoosha kamba, ukuta ukapanda. Mlango wa nyuma ukatazama Uluguru. Alikuwa akituambia, "Ukisikia upepo wa mlima kisogoni, jua umesimama sawa."

Reli ilipofika Ngerengere ikija kwetu, Bwana Yusufu, Mhindi mwenye duka la nguo na rafiki mkubwa wa babu, aliagiza dira mpya. Baada ya sala akaiweka sakafuni watu waione. Sindano haikuelekea ukutani sawasawa, ilikwenda kulia kidogo. Babu akaitoa yake ya zamani. Nayo ikaenda kulia vilevile.

"Mzee Salum," akasema Bwana Yusufu kwa utani, "miaka yote hii umetusalisha kombo."

"Kombo wewe!" babu akajibu. "Huko kulia ni wapi? Si Ngerengere? Chuma cha Wadachi kinaivuta sindano. Ngoja kifike hapa, utaiona inazunguka kama pia!"

Watu wakaangua kicheko. Kicheko kile ndicho kilichoharibu mambo.

Vijana wakaitandika mikeka mshazari kufuata sindano, wazee wengine wakashika ukuta. Sisi watoto wa safu ya nyuma ndio tulioumia: unasujudu, unakuta kisigino cha mtu kwenye pua. Tulicheka, tukafinywa. Babu hakucheka. Aliona wanamhesabu kuwa mtu aliyewapoteza njia waumini. Reli ilipofika mjini aliitazama dira yake asubuhi na jioni. Haikuzunguka, ilikaa palepale, kulia kidogo. Akaifunga kwenye kitambaa, akaacha kwenda msikitini, akawa anasali uani peke yake. Yeye na Bwana Yusufu hawakusalimiana tena. Hata kanga bibi alizifuata duka la mbali.

Mwaka huu shuleni mwalimu wa jiografia alitufundisha kwamba ncha ya sumaku ya dunia haitulii. Inahama polepole, mwaka hata mwaka, na sindano zote zinaifuata. Mimi nisiyenyoosha kidole hata nikijua jibu, nilinyoosha. "Mwalimu, na kama ukuta umeshajengwa?"

Darasa zima likacheka. Mwalimu akasema, "Ukuta unabaki ulipo. Sindano ndiyo inayouacha."

Likizo nilipofika nyumbani nilizunguka na maneno hayo tumboni mpaka bibi akaniuliza kama naumwa. Mwishowe nilimkuta babu anachonga mpini wa jembe, nikamweleza.

"Kwa hiyo sikukosea?"

"Hukukosea, babu. Bwana Yusufu naye hakukosea. Hata reli haina hatia."

Akachonga kwa muda. "Nenda kamwambie. Nikienda mimi, atasema najitetea."

Mimi ni mtu wa kununua uzi kwa kuunyooshea kidole, kwa aibu. Siku ile nilimwamkia Bwana Yusufu shikamoo mara mbili, kisha nikayasema yote huku nikitazama majora ya kitambaa.

"Dunia yenyewe inahama," akasema, "na mimi nimemnunia Salum!"

Akafunga duka wateja wakiwa mlangoni. Nilipofika nyumbani nyuma yake, nilimsikia uani. "We mzee, umekonda. Hawakulishi?"

"Nitanenepaje? Sina wa kubishana naye."

Ijumaa ile babu alirudi msikitini. Mikeka ilikuwa mshazari, kama ilivyo mpaka leo. Wadogo zangu wamekua nayo hivyo, wanadhani misikiti yote duniani hutandikwa hivyo, na hawaulizi. Sisi angalau tulijua kuna jambo, kwa sababu tulipigwa nalo puani. Babu alisimama kwa kufuata ukuta wake. Bwana Yusufu akamtazama, akauvuta mkeka wake, naye akaufuata ukuta. Nilikuwa nyuma yao. Upepo wa mlima ulinipiga kisogoni, palepale ulipokuwa ukinipiga zamani.