Kuta za Kusukuma

Mume wangu alipochora nyumba yetu ya Masuguru, hakutaka kusikia habari za vyumba. Vyumba, alisema, ni ushamba. Kuta za ndani ni mbao nyepesi zinazopita kwenye reli: ukisukuma hapa sebule inakuwa kubwa, ukivuta pale unapata mahali pa kulaza mgeni. Hata kitanda cha mgeni kinakunjwa na kusimamishwa ukutani. Watu walikuja kushangaa, na mimi, sitadanganya, kichwa kilinivimba.

Kisha mama yangu akaja kutoka Mazingara na kidonda cha kisukari mguuni. Kilitakiwa kusafishwa hospitalini kila siku, na huko kwake hilo haliwezekani. Muuguzi alinivuta pembeni.

"Dada, akilalamika maumivu, shukuru Mungu. Siku akikwambia mguu hauumi tena, mlete mbio."

Mama alipoonyeshwa mahali pake pa kulala, aliuliza, "Mlango uko wapi?"

Mume wangu akasukuma ukuta mzima kwa kidole. "Huu hapa, mama. Wote ni mlango."

Mama alicheka kwa adabu. Kwetu sisi Wazigua, mama na mume wa binti yake hata kutazamana usoni wanaona haya, sembuse kuonana kitandani. Mkwe hupiga hodi, akajibiwa, na hata hapo haingii. Sasa hodi utaipiga wapi, kwenye kitu kinachoteleza?

Mama akajitafutia njia. Alitundika kanga kwenye ule ukuta, akawa anakohoa kabla ya kutoka, anashinda kwenye jiko la nje mpaka mkwewe aende kazini. Nilimwomba mume wangu aweke mlango mmoja tu, wa kawaida, wenye komeo. Akasema mlango utaharibu nyumba. Nilikasirika, ila nikaacha kumsumbua, maana niliona anavyojitahidi: naye alianza kukohoa kila aingiapo sebuleni kwake mwenyewe.

Mchana mmoja wa joto kali, mafundi wenzake walikuja kutoka Mombo kuiona nyumba. Alijua mama yuko jikoni na mimi. Alikuwepo kweli, ila mguu ulimsumbua, akaenda kujilaza. Nilisikia ukuta unateleza, na mume wangu akijisifu kwa ile sauti yake ya wageni. Ghafla akanyamaza.

Mama alikuwa kichwa wazi, kanga imepanda mapajani, mguu juu ya mto. Mume wangu aliurudisha ukuta kwa nguvu mpaka ukachomoka kwenye reli, ukakwama nusu, haufungi wala haufunguki. Wageni walitoka wakitazama sakafu. Nilipofika, mama alikuwa amejifunika uso, amenyooka kama maiti. Nilitamani kuivunja ile nyumba kwa mikono yangu.

Siku ileile mama alipanda basi la Handeni, akarudi kwake Mazingara. Mume wangu alimtuma mshenga wetu wa zamani na kitenge, akamwombee radhi. Mama akakipokea.

"Nimesamehe," aliniambia kwa simu. "Lakini kurudi huko, mwanangu, uso nitauweka wapi?"

Kidonda akawa anakiosha mwenyewe kwa maji ya chumvi. Mume wangu naye akang'oa reli, akajenga ukuta wa tofali, akatia mlango wa mninga. Alipomaliza nilimpigia mama nikiwa nimesimama mle ndani.

"Komeo liko kwa ndani?"

"Kwa ndani, mama."

"Ahsanteni. Nitakuja, wala msihangaike. Halafu mguu siku hizi hauumi kabisa, Mungu mkubwa."

Nilimwambia mume wangu awashe gari twende Mazingara. Nilipoingia nilimkuta mama hawezi hata kusimama. Gari halifiki mlangoni kwa mama, pale nyumbani hakuna mwanamume mwingine, na mimi simwezi. Lazima abebwe kutoka kitandani.

Mume wangu alisimama nje akapiga hodi.

"Usiingie, baba," mama akajibu kwa sauti ndogo.