Swali la Sikuzani

Tangu watoke Bagamoyo, mguu wa kulia wa Ishaka ulikuwa ukikanyaga breki isiyokuwepo. Kona, kanyaga. Mbuzi barabarani, kanyaga. Sikuzani, mkewe, alikuwa kiti cha nyuma na hotpoti ya vitumbua mapajani, akiutazama mguu ule unavyohangaika huku amekaza midomo asicheke. Aliyeshika usukani ni Gertruda, mwanamama wa pale pale mjini anayepeleka wageni Hifadhi ya Saadani, na jamani, aliendesha vizuri tu. Lakini hebu kamwambie hivyo dereva aliyezeekea kwenye malori.

"Baba, huo mguu utachoka," Gertruda akasema.

"Nakusaidia, mama. We twende."

Safari ilikuwa zawadi ya binti yao Sabiha, kumpongeza baba kwa kustaafu. Mwanzoni Sikuzani aliguna. Tangu lini watu wa Bagamoyo wakafunga safari kwenda kutazama twiga? Hayo si mambo ya wageni? Yeye amezaliwa Bagamoyo, amechoma vitumbua Bagamoyo mpaka watoto wa wateja wake nao wamekuwa wateja, na siku moja haijampitia akilini kuvuka Mto Wami kwenda kustarehe. Ishaka naye, mtu wa Ubena, kule nyanda za juu kusini, anaijua Tunduma na Lubumbashi kuliko pwani iliyo mlangoni pake.

Ila palikuwa na jambo. Haidar, tajiri mwenye malori pale Chalinze, alikuwa amepiga simu kumtaka Ishaka arudi barabarani. Lori jipya, safari za Kongo, na jibu alilitaka leo. Ishaka hakusema ndiyo wala hapana. Sikuzani naye alinyamaza, na moyo ukimuuma kama jino bovu. Alimtaka mumewe nyumbani. Alimtaka sana, mpaka akajionea haya, mtu mzima yeye na wajukuu.

Utasema, kwani kinywa hana? Anacho, tena cha kutosha, waulize waliowahi kumpangulia foleni ya vitumbua. Lakini bibi yake, aliyemlea, alimfundisha kwamba mtu akishika safari hapewi swali. Haulizwi anafika wapi, wala, astaghfirullah, anarudi lini. Kumwuliza siku ya kurudi ni kumfungia njia. Unamwambia safari njema, Mungu akutangulie, unageuka, unaingia ndani, na mgongo wake huutazami. Sikuzani alifanya hivyo kila safari tangu walipooana, na kila safari Ishaka alirudi mzima. Sasa mtu kama huyo utamwambia nini?

Walipopita lango la hifadhi, hata gari lilikuwa kama limeshikwa na usingizi. Nyasi zilikuwa ndefu, za rangi ya chai ya maziwa, zikilala na kuinuka kwa upepo uliokuja na harufu ya chumvi. Twiga mmoja alisimama katikati ya njia, akawainamia, akawatazama weee, kisha akaondoka bila haraka yoyote. Mbele kidogo mbega waliruka juu yao na manyoya yao meupe yakining'inia, kimya kimya. Sikuzani hakujua ni saa ngapi wala hakutaka kujua. Alihisi yuko ndani ya ndoto ya mchana, ile unayosikia vyombo vinagongana jikoni na bado huamki. Alipochungulia mbele aliona mguu wa Ishaka umetulia. Hakuwahi kuuona umetulia ndani ya gari.

"Mama Sabiha," Ishaka akasema bila kugeuka, "umewaona wale?"

"Nimewaona."

"Wazuri, eeh?"

"Wazuri."

Hayo ndiyo yote waliyosema mpaka ufukweni.

Ufukwe ulikuwa mtupu, mpana, na bahari iko mbali, imekupwa. Gertruda aliegesha kwenye kivuli, akawaomba wasiende mbali na gari, akabaki kuwalinda kwa macho. Kutoka vichakani kulikuwa na nyayo za tembo, kubwa kama sinia, zimeshuka mpaka majini. Tembo wenyewe hawakuonekana. Ishaka akavua viatu, akaingiza miguu yote miwili ndani ya unyayo mmoja, akacheka kama mtoto. Sikuzani akapandisha baibui kidogo, akaingiza yake pembeni ya ile. Miguu minne, na nafasi ikabaki. Loo, ilikuwa raha! Wakasimama hivyo wameshikana mikono, na hapakuwa na jirani wa kuwatazama.

Kisha wakatandika kanga, wakatoa chupa ya chai, wakala vitumbua.

"Haidar anangoja jibu," Ishaka akasema, macho yake baharini.

"Ee."

"Nadhani nitakwenda. Nisije nikakubana pale nyumbani."

"Kunibana?"

"Siku, tusidanganyane. Mimi nikiondoka, wewe unapumua. Wake wa wenzangu walikuwa wanang'ang'ania mlango wa lori. Unarudi lini, unarudi lini, mpaka utingo anacheka. Mimi, safari njema, Mungu akutangulie, na mlango wa nyumba umeshafungwa. Hata injini sijaiwasha. Hujaniuliza hata siku moja. Mwanzoni iliniuma. Baadaye nikawa naziomba mwenyewe zile safari ndefu, nikupe nafasi."

Sikuzani akakirudisha kitumbua chake kwenye hotpoti. Alisema kwa hasira, maana hasira ndiyo iliyowahi kufika.

"Nafasi! Nani alikuomba nafasi? Ishaka, kwetu msafiri haulizwi! Ukimwuliza, harudi! Nilikuwa naingia ndani nalia juu ya ndoo ya mchele, nawe unasema napumua!"

Ishaka akamkodolea macho.

"Kwetu Ubena," akasema polepole, "mke asipokuuliza, unajua hana haja na wewe."

Mtume! Sikuzani akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Alikumbuka Idi zilizopita Ishaka akiwa Zambia, na homa za Sabiha alizokesha nazo peke yake. Kumbe safari nyingine aliziomba mwenyewe, akidhani anamfanyia hisani. Uchungu ulimpanda, akashindwa hata kulia.

Simu ikalia. Ishaka akaitazama. "Haidar," akasema, akainuka na kuelekea kwenye tuta la mchanga, kwani hapo chini mtandao ulikuwa unakatika katika.

Sikuzani akamtazama akienda. Ndipo alipogundua kwamba bega lake la kulia limeshuka, lile la upande wa dirisha la lori, na kwamba anatembea akivuta mguu mmoja kidogo. Mumewe wa miaka yote hii, na hakuwa amewahi kumwona hivyo, maana kila alipokwenda yeye alikuwa amekwisha geuka.

"Ishaka!"

Akasimama. Simu ilikuwa bado inalia.

Alimwogopa bibi yake aliyekwisha fariki, aliogopa barabara, aliiogopa hata bahari ile iliyotulia. Akalitoa neno hivyo hivyo.

"Utarudi lini?"

Ishaka hakupanda tena tuta. Alipokea simu pale pale, amemgeukia mkewe, akipiga kelele kuushinda upepo.

"Marahaba, Haidar. Eeh, nakusikia. Hapana, sikiliza kwanza. Nimeulizwa huku narudi lini." Akasikiliza upande wa pili. "Mke wangu, nani mwingine? Basi tafuta dereva mwingine, baba. Mimi nimesharudi."

Akaja, akakaa, akanyoosha mkono apewe chai. Sikuzani akashika chupa, lakini macho yake yalikuwa kwa mumewe, chai ikamwagika kwenye kanga. Basi Ishaka akaichukua chupa, akammiminia yeye.