Kambi Niliyoizuia Kuhama

Mlima ulipolipuka niliukimbia mtaa wangu wa Mabanga, Goma, na godoro kichwani, mimi mwinjilisti, Biblia nimeisahau mezani. Hakuna aliyeniambia kwamba Mkristo hakimbii. Nalitaja hilo kwa sababu mwaka uliofuata nilitumwa kwa Bambuti, wawindaji wa msitu wa Masisi, na huko nikajifanya shujaa.

Walikuwa na desturi moja niliyoichukia. Mtu akifa, wanamwangushia kibanda chake na kuhama siku hiyohiyo, wala mahali pale hapakaliwi tena. Nami nilikuwa nimeshajenga kanisa la udongo, mabati yake tumeyabeba mabegani mwendo wa siku mbili. Wakihama, ningemhubiria nani, mabati?

Mke wa mzee wao alipokufa kwa homa, nikawakuta wameshafunga vyungu. Mzee huyo alikuwa wa kwanza niliyembatiza. Nilimwambia mbele ya wote kwamba kuogopa kaburi ni imani haba.

"Pasta," alisema, "hapa paliisha kuharibika. Tuende tu."

"Ukienda, ubatizo wako ni bure."

Kisha akafungua mizigo, na wengine wakafungua. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikawaandikia hata wakubwa wangu barua ya kujisifu.

Wiki ya tatu waasi walipita bondeni, wakaona mabati yanang'aa, wakapanda na bunduki. Mimi nilikuwa nimeshuka Goma kutafuta misumari.

Nilimkuta mzee yule huko Kanyaruchinya, kwenye kambi ya wakimbizi, juu ya mawe meusi ya volkano. Katika watu wake wote alikuwa amebaki na mjukuu mmoja wa kike, naye anaharisha. Nilipeleka dawa, nikapeleka uji, nikaomba kwa sauti mpaka majirani wakachoka nami. Siku ya nne asubuhi nilikuta turubai yao imeshushwa juu ya mtoto, na mzee ameketi kando yake.

Nilitaka anitukane. Nilitaka hata anipige, ningepumua. Lakini aliinuka kwa heshima, kama alivyoinuka siku zote mbele yangu.

"Pasta, mutoto amekufa. Leo unanipatia ruhusa nihame?"

Nilisema ndiyo. Akachukua chungu chake, akatembea hatua kama kumi, akasimama. Mbele yake palikuwa na turubai ya mtu mwingine.